Richardson: Mtabiri aliyetega upepo kwa wavu

LEWIS Fry Richardson alizaliwa Oktoba 11, 1881 mjini Newcastle, Uingereza, katika familia ya waumini wa Quaker, dhehebu linalopinga vita. Imani hiyo iliongoza maisha yake hadi alipofariki dunia Septemba 30, 1953.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Richardson alikataa kushika silaha. Mwaka 1916 alikwenda Ufaransa kuendesha gari la kubeba majeruhi. Huko huko, katika saa za mapumziko, alijaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu.

Kwa kuwa haiwezekani kukokotoa mwendo wa hewa kila mahali, aliitandazia ramani ya Ulaya ya Kati wavu wa miraba yenye upana wa takriban kilomita 200, akaigawa hewa iliyo juu yake katika tabaka tano. Alichagua siku iliyokwisha kupita, Mei 20, 1910, ili alinganishe majibu na vipimo halisi.

Matokeo yalikuwa ya kufedhehesha. Hesabu zilionyesha mgandamizo wa hewa ukipanda kwa milibari 145 ndani ya saa sita, ilhali siku hiyo haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Hata hivyo, hakuficha kosa hilo; alilichapisha kitabuni mwaka 1922. Baadaye ilibainika kuwa njia yake ilikuwa sahihi, ila vipimo alivyoanzia havikuwiana. Mwaka 1950, akiwa hai, kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilitoa utabiri kwa kutumia wavu.

Mwaka 1920 aliacha kazi katika idara ya hali ya hewa baada ya idara hiyo kuwekwa chini ya wizara ya usafiri wa anga, iliyosimamia pia jeshi. Akageukia utafiti wa vyanzo vya vita. Alipopima mipaka ya nchi na pwani, aligundua kuwa kadiri kipimo kinavyokuwa kifupi, ndivyo urefu unavyoongezeka, kwa kuwa kipimo kirefu huruka kona na ghuba ndogo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1961.

Wahandisi wanaochunguza mkondo wa hewa kwenye bawa la ndege hukabiliwa na suala hilo hilo. Matundu ya wavu yakiwa makubwa, kona hupotea. Yakiwa madogo kila mahali, kompyuta huelemewa. Hivyo huyabana penye kona na msukosuko, wakayapanua palipotulia.

Richardson alikosea utabiri, lakini wavu wake ungali ukitumika.