Kristen Nygaard: Mzee wa Oslo aliyetuletea klasi na obijekti

Kama ulifanya digrii ya mambo mengine kabisa halafu ukajitosa kusomea kompyuta kwa shahada ya uzamili, kuna wiki moja unaijua vizuri. Mwalimu anamaliza mambo ya kujumlisha namba na kurudiarudia amri, kisha anaanza klasi, obijekti na urithi. Wale waliosomea kompyuta tangu mwanzo wanatingisha kichwa. Wewe unaandika kila kitu ukitumaini kitaeleweka kesho.

Sasa hebu nikujulishe kwa mmoja wa watu wawili walioanzisha hayo yote. Anaitwa Kristen Nygaard. Ni mwanamume, jina lisikuchanganye. Alizaliwa Oslo, Norway, Agosti 27, 1926. Ukijua alikuwa anatafuta nini, huenda hizo klasi zikapunguza kukutisha.

Mwaka wa 1948 aliingia taasisi ya utafiti ya jeshi la Norway, kupiga hesabu. Baadaye akageukia kuchunguza mifumo mizima, yenye watu, mashine na foleni, akiuliza kazi itakwama wapi. Shida ikawa moja: hakukuwa na lugha nzuri ya kueleza mfumo kama huo, wala ya kuuingiza kwenye kompyuta. Shahada yake ya uzamili, ya hisabati, aliipata Chuo Kikuu cha Oslo mwaka wa 1956, miaka minane baada ya kuanza kazi. Kwa hivyo wewe usijione umechelewa.

Mwaka wa 1960 alihamia Kituo cha Kompyuta cha Norway. Huko ndiko yeye na Ole-Johan Dahl, waliyejuana tangu enzi za taasisi ya jeshi, walitengeneza lugha ya Simula. Nygaard alijua ni dunia gani anataka kuieleza. Dahl alikuwa fundi wa kuandika programu. Simula ya kwanza ilikuwa tayari inafanya kazi mwaka wa 1965. Ile ya pili, Simula 67, ndiyo iliyoleta klasi, obijekti na urithi, karibu vile unavyofundishwa leo.

Nygaard alipenda kufundisha kwa mfano wa mkahawa, basi tuutumie. Mteja ni klasi: maelezo ya jumla kwamba mteja ana njaa, ana pesa, anaagiza, anakula, analipa. Watu kumi wakiingia, hao ni obijekti kumi. Kila mmoja ana njaa yake na bili yake, na mmoja akilipa, wengine bado wanadaiwa. Mhudumu na mpishi ni tofauti, lakini wote ni wafanyakazi: wote wanaingia zamu na wanapokea mshahara. Unaandika mambo ya mfanyakazi mara moja, hao wawili wanayarithi. Ni hayo tu. Kumbe jamaa hakuwa anatafuta njia ya kukutesa. Alitaka programu ifanane na kile kinachotokea mle ndani.

Na hata waliokuja kuwa magwiji walianza wakikuna kichwa. Mwaka wa 1966 Alan Kay alikuwa mwanafunzi mgeni wa uzamili Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Alipewa programu iliyodhaniwa ni ya lugha ya Algol, lakini ikakataa kueleweka. Yeye na wenzake wakatandaza karatasi zake sakafuni, wakazisoma hadi wakagundua ni Simula. Kay ndiye baadaye aliongoza Smalltalk, na jina lenyewe la programu za obijekti ni lake. Bjarne Stroustrup naye alitumia Simula akisomea udaktari Cambridge, na mwaka wa 1979 akaanza kazi iliyozaa C++. Java ikafuata mwaka wa 1995.

Lakini hapa ndipo Nygaard ananibamba zaidi. Lugha inayoweza kueleza kiwanda kizima inaweza pia kutumiwa kukipanga upya na kuwabana walio ndani. Aliliona hilo kwenye kazi yake mwenyewe, na hakujifanya halimhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alienda kwa chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norway, akafanya nao mradi ili waelewe kompyuta zinazoletwa kazini na wawe na sauti juu yake. Kutokana na kazi hiyo, wafanyakazi walipata makubaliano na waajiri kuhusu namna mashine hizo zinavyoingizwa.

Siasa pia hakuziogopa. Kuanzia 1990 hadi 1995 aliongoza kampeni ya kuzuia Norway isijiunge na Muungano wa Ulaya. Kwenye kura ya maoni ya Novemba 1994, upande wake ulishinda kwa asilimia 52.2.

Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2001, ile kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta. Hawakuifurahia kwa muda mrefu. Dahl alifariki Juni 29, 2002. Nygaard akafuata Agosti 10, mwaka huohuo, moyo ukisimama, siku chache kabla atimize miaka 76. Na unajua alikuwa anashughulikia nini wakati huo? Mradi wa kutafuta njia bora ya kuwafundisha wanaoanza programu za obijekti. Yaani wewe.

Basi kazi ya darasa ikikushinda usiku wa leo, funga kompyuta kwanza. Chukua karatasi, andika ni nani wako kwenye huo mfumo, kila mmoja ana nini na anafanya nini. Halafu ongeza swali la Nygaard: programu hii ikianza kutumika, nani atapata nafuu na nani atabanwa? Ukishajibu, washa mashine uandike klasi yako ya kwanza.