Kristian Birkeland: satelite zilimpa haki miaka 50 baada ya kifo chake

Tarehe 15 mwezi wa sita 1917, profesa mmoja wa Norwe alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli mjini Tokyo, Japani. Aliitwa Kristian Birkeland, na alikuwa na umri wa miaka 49. Maisha yake yote alitetea jambo moja: kwamba kuna mikondo ya umeme inayoshuka juu ya dunia kutoka mbali angani. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Ilipita miaka 50 mbele satelite zionyeshe kwamba alisema kweli.

Birkeland alizaliwa tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 1867 huko Kristiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Alisoma hesabu na fizika, akaendelea Paris kwa Henri Poincaré na Bonn, Ujerumani, kwa Heinrich Hertz. Mwaka wa 1898 akawa profesa katika chuo kikuu cha mji wake.

Kilichomvuta ni mianga ya kaskazini, ile inayocheza usiku angani kama mapazia ya kijani na nyekundu. Watu walijua tayari kwamba mianga hiyo ikiwaka, sindano ya dira hutikisika. Umeme ukipita karibu na sindano hiyo, huisukuma. Kwa hiyo Birkeland akawaza kwamba juu kule umeme unapita. Lakini wakati huo hapakuwa chombo cha kufika kilometa 100 juu.

Mwaka wa 1899 akaanza kupima kutoka mlima Haldde, kaskazini kabisa mwa Norwe, karibu mita 900 juu ya bahari. Baridi na upepo viliwatesa watu wake, na mmoja wao alifariki katika maporomoko ya theluji.

Hata hivyo, kituo kimoja hakikutosha. Mtu wa Goma akiona mvua imekatika kwake, hawezi kujua kama imekwisha ao imehamia Sake, mpaka aulize watu wa Sake saa ile ile. Ndivyo ilivyo kwa umeme wa angani. Mwaka wa 1902 Birkeland akatuma watu kwenye vituo vine: Norwe, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya ya Urusi. Walipima huko kwa wakati mmoja, katika majira ya baridi kali. Alipolinganisha vipimo, akachora njia ya mkondo: unashuka kutoka mbali, unapita sambamba na ardhi, kisha unapanda tena.

Safari hizo zilikula pesa nyingi. Ili kuzipata, akabuni mzinga wa kurusha risasi kwa nguvu ya umeme. Mwaka wa 1903 alipouonyesha mbele ya wageni, ulipiga shoti na moto mkubwa ukaruka. Aibu hiyo ilizaa faida. Moto kama ule unaweza kuunguza hewa na kutoa kitu cha kutengenezea mbolea. Pamoja na injinia Sam Eyde akatengeneza tanuru, na mwaka wa 1905 kampuni Norsk Hydro ikazaliwa.

Miaka yake ya mwisho alikaa zaidi Misri, na alifika pia Sudani, akichunguza mwanga hafifu unaobaki angani baada ya jua kutua. Usingizi ulikuwa umemkimbia, na alizoea kumeza dawa. Vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, akachukua njia ndefu ya kurudi kwao kupitia Japani. Huko alimeza dawa ya usingizi kupita kipimo.

Baada yake, Mwingereza Sydney Chapman, mtu wa sifa kubwa, alifundisha kwamba umeme huo unazunguka katika hewa ya juu tu, hautoki nje. Vipimo vya ardhini peke yake havikuweza kuamua nani ana haki. Mwaka wa 1963 satelite ya jeshi la majini la Marekani ilipanda karibu kilometa 1,100. Kila ilipovuka eneo la mianga, kipimo chake cha sumaku kilitikisika. Matokeo yakatolewa mwaka wa 1966, na mwaka uliofuata wataalamu wakaeleza kwamba ni mikondo inayoshuka na kupanda. Si kila alichosema Birkeland kilikuwa sawa, lakini leo mikondo hiyo ina jina lake.

Namna yake ya kupima imebaki pia. Mwezi wa tatu 2025, shirika la NASA lilirusha satelite tatu za mpango EZIE, kila moja kama valisi ndogo. Zinafuatana kwenye njia moja, zikipita juu ya mahali pamoja kwa tofauti ya dakika chache. Hivyo zinaonyesha kama mkondo umehama ao umebadilika nguvu.

Kazi hiyo inagusa pia watu wa chini. Mwezi wa tatu 1989, dhoruba kutoka jua iliongeza nguvu ya mikondo hiyo, na watu milioni 6 wa Quebec, Kanada, wakakaa bila umeme kwa saa 9 hivi.