Dom Pedro wa Tano, Mfalme wa Ureno

Katika masomo yetu ya historia Ureno hutajwa kwa safari za Vasco da Gama, kwa Ngome ya Yesu huko Mombasa, na kwa vita vya ukombozi vya Msumbiji na Angola. Wafalme wake hatuwatazami sana, na kwa wengi wao hatuoni hasara. Huyu mmoja, hata hivyo, yafaa mwalimu amjue.

Pedro alizaliwa Lisbon tarehe 16 Septemba, 1837. Mama yake, Malkia Maria wa Pili, alifariki akijifungua mwaka 1853, naye kijana akarithi kiti akiwa na umri wa miaka 16. Baba yake alishika madaraka kwa niaba yake hadi 1855. Katika muda huo Pedro alizuru nchi kadhaa za Ulaya, akachungulia viwanda na shule kwa bidii ya mwanafunzi.

Raia wake wengi hawakujua kusoma. Alianzisha shule huko Mafra na nyingine kwenye jumba lake la Lisbon, na mwaka 1859 akatoa fedha zake mwenyewe ili kianzishwe chuo cha juu cha fasihi na historia. Shule mbili si dawa ya ujinga wa taifa zima, lakini alianza na zile zilizokuwa chini ya mkono wake. Aliweka pia sanduku mlangoni pa jumba ili mtu yeyote atumbukize malalamiko yake. Ufunguo akaushika mwenyewe.

Mwaka 1857 homa ya manjano iliingia Lisbon ikaua watu zaidi ya 5,000. Wenye uwezo walikimbia. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba huenezwa na mbu; kila mgonjwa aliogopwa. Mfalme alibaki mjini, akazuru hospitali na kukaa karibu na vitanda vya wagonjwa.

Mwaka huohuo, katika pwani ya Msumbiji, maofisa wa Ureno waliikamata meli ya Kifaransa, Charles et Georges, ikiwa na Waafrika zaidi ya mia moja. Wafaransa walidai kuwa hao ni vibarua huru wa kisiwa cha Réunion. Mwaka 1858 manowari za Ufaransa zilitia nanga mbele ya Lisbon, na Ureno ikalazimika kuirudisha meli na kulipa fidia. Lakini tusimpambe mfalme wetu: amri iliyotolewa mwaka huo chini ya utawala wake iliwapa wamiliki wa watumwa katika makoloni miaka 20 zaidi. Wanafunzi watauliza ni haki gani inayongojewa miaka 20, na mwalimu asilikwepe swali hilo.

Mwaka 1858 alimwoa Stephanie wa Hohenzollern-Sigmaringen. Bibi huyo alifariki kwa dondakoo Julai 1859, akiwa na miaka 22. Pedro mwenyewe alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 11 Novemba, 1861, bila mtoto, siku chache baada ya mdogo wake Fernando. Kiti kikaenda kwa Luís, ndugu yao. Hospitali ya watoto ambayo Stephanie aliitamani ilifunguliwa Lisbon mwaka 1877, nayo ikapewa jina lake.