Ibnul-Baitar, Mjuzi wa Miti ya Dawa

Ndugu zetu walioko bara, huko Kanduyi karibu na Bungoma, ni kama sisi wa pwani: mtu ashikwapo na uchungu wa mkojo, wengi hukimbilia kwanza mizizi na magome yaliyochemshwa. Hatulikatai jambo hilo, kwani katika miti mna manufaa. Lakini elimu ya miti ina masharti yake, na katika waliotufunza masharti hayo ni Ibnul-Baitar, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake ni Abdallah bin Ahmad, mzaliwa wa Malaga, katika Andalusia, mwishoni mwa karne ya 12. Alisoma Sevilla kwa Abul-Abbas An-Nabati, mjuzi mkubwa wa mimea. Kiasi cha mwaka 1219 akafunga safari, akapita Afrika ya Kaskazini na nchi za Rumi, kisha akatua Misri. Huko Sultani Al-Kamil alimfanya mkuu wa wajuzi wa mimea. Sultani alipofariki mwaka 1238, akamtumikia mwanawe As-Salih.

Alipokuwa Sham, mwanafunzi wake Ibn Abi Usaibia alifuatana naye maporini kuitazama miti ilipoota. Mwalimu alikuwa akieleza waliyoyanena Wayunani Dioscorides na Galen juu ya kila mti, kisha waliyoyanena waliokuja baadaye, na mahali walipokosea.

Kitabu chake kikubwa, Al-Jami, chataja dawa na vyakula kiasi cha 1,400 kwa mpango wa herufi. Kila kauli yatajwa mwenyewe, na majina ya miti yaelezwa kwa lugha mbali mbali, ili mmoja usidhaniwe kuwa mwingine. Kitabu chake Al-Mughni alikipanga kwa viungo vigonjwavyo. Alifariki Damascus mwaka 1248, sawa na 646 Hijria.

Basi muuzaji asiyeweza kututajia mti alioutwanga, wala kipimo chake, wala aliyeujaribu, huyo hakuifuata njia ya wazee hao. Na matabibu wa leo wamehakikisha kuwa uchungu wa mkojo mara nyingi hutokana na vijidudu viingiavyo kibofuni, navyo vikiachwa huweza kupanda hadi kwenye mafigo. Mwenye homa, au maumivu ya kiuno, au damu katika mkojo, na kila mwanamke mja mzito, asingoje chungu kichemke. Aende hospitali akapimwe mkojo, na amwambie tabibu dawa ya miti aliyokwisha kuinywa. Kufanya hivyo si kuwadharau wazee. Ibnul-Baitar aliwaheshimu waliomtangulia, na pamoja na hayo aliwapima.