Hermann Muller, aliyefichua hatari ya mionzi kwa vizazi

Mwezi Septemba mwaka 1927, wataalamu wa elimu ya urithi kutoka mataifa mbalimbali walikutana mjini Berlin, Ujerumani. Hapo Mmarekani Hermann Joseph Muller aliwaeleza kwamba mionzi ya eksirei hubadili jeni, na kwamba mabadiliko hayo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Wakati huo mionzi hiyo ilitumika hospitalini bila hadhari kubwa.

Muller alizaliwa mjini New York tarehe 21 Desemba 1890. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa bado mtoto, na alisoma Chuo Kikuu cha Columbia kwa ufadhili. Huko alijiunga na kundi la Thomas Hunt Morgan, lililochunguza urithi kwa kutumia nzi wa matunda, mdudu anayezaliana upesi.

Ugunduzi wake ulitokana na majaribio aliyoyaanza mwaka 1926 katika Chuo Kikuu cha Texas. Nzi waliopigwa mionzi walipata mabadiliko ya jeni zaidi ya mara 100 kuliko wenzao. Mengi ya mabadiliko hayo yalikuwa na madhara, na baadhi yaliua watoto wa nzi hao kabla ya kukua.

Umaarufu haukumletea utulivu. Akiwa muumini wa siasa za kisoshalisti, aliondoka Marekani mwaka 1932 na kwenda Berlin. Adolf Hitler aliposhika madaraka, Muller alihamia Muungano wa Kisovieti kwa mwaliko wa mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov. Aliamini kuwa sayansi ingeweza kuboresha kizazi cha binadamu, wazo lililopingwa vikali na wengi, na mwaka 1936 alimwandikia Josef Stalin kulipendekeza. Hakufanikiwa.

Wakati huo Trofim Lysenko, aliyeikana elimu ya jeni, alikuwa akizidi kupata nguvu. Muller alimpinga hadharani. Wenzake wawili waliowahi kufanya kazi naye Texas, Izrail Agol na Solomon Levit, waliuawa na utawala huo. Mwaka 1937 Muller aliondoka kupitia Hispania, iliyokuwa vitani, akafika Edinburgh, Uingereza. Vavilov alibaki, akakamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani mwaka 1943.

Muller alirejea Marekani mwaka 1940, na mwaka 1946 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu Hiroshima na Nagasaki kushambuliwa kwa mabomu ya atomiki, na sasa ulimwengu ulikuwa na sababu ya kumsikiliza. Aliwahimiza madaktari kuwakinga wagonjwa kwa vizuizi vya risasi. Hata hivyo, mwaka 1955 maafisa wa nishati ya atomiki wa Marekani walizuia mada yake isiwasilishwe katika mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Mwaka huohuo alitia saini tamko la Bertrand Russell na Albert Einstein dhidi ya vita vya nyuklia.

Alifariki dunia mjini Indianapolis tarehe 5 Aprili 1967, akiwa na umri wa miaka 76.

Katika muongo huo, watafiti walikuwa wameanza kuona upande wa pili wa ugunduzi wake. Walipata aina za hamira, ileile inayoumua mkate, ambazo zilikufa kwa urahisi zikipigwa mionzi kwa sababu jeni zao za kujitibu zilikuwa na kasoro. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika, seli ya hamira iliyo nzima hutafuta nakala isiyoharibika katika kromosomu pacha, na kuifuata kama kielelezo ili kuunga palipokatika.

Binadamu naye ana jeni zinazofanana na hizo. Kasoro katika jeni iitwayo BRCA2, inayoshiriki kazi hiyo, huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Muller alionyesha jinsi mionzi inavyojeruhi urithi. Hamira ikawaonyesha waliomfuata kwamba seli hujaribu kuliponya jeraha hilo, ingawa si kila mara hufaulu.