Gaston Planté na Betri ya Kuchaji

Mtu aliyenunua pikipiki kwa mara ya kwanza huweza kuamka asubuhi moja na kukuta kwamba taa haiwaki, honi hailii, na stata haigeuzi injini. Mara nyingi hudhani kwamba betri imekufa, akataka kuitupa. Lakini je, betri iliyoishiwa umeme ni lazima iwe imekufa? Aliyetuwezesha kulijibu swali hili ni mwanasayansi wa Ufaransa, Gaston Planté.

Planté alizaliwa tarehe 22 Aprili, 1834, katika mji wa Orthez, kusini-magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1854 aliajiriwa kuwa msaidizi katika masomo ya fizikia mjini Paris, kwenye chuo kiitwacho Conservatoire des Arts et Métiers. Alikuwa kijana mdadisi. Mwaka 1855 aligundua karibu na Paris mabaki ya ndege mkubwa wa kale asiyeweza kuruka. Wataalamu walimpa ndege huyo jina la Gastornis, kwa heshima ya Gaston. Hata hivyo, jambo lililomvuta zaidi lilikuwa umeme.

Betri zilizotumika wakati ule zilikuwa na kasoro kubwa. Zinki iliyokuwa ndani yake ililiwa kidogo kidogo kila umeme ulipotumika. Zinki ilipokwisha, umeme nao ulikwisha, na ilibidi kuweka zinki nyingine. Planté alitafuta njia ya kuweka akiba ya umeme, kama vile mkulima awekavyo nafaka ghalani.

Mwaka 1859 alifaulu. Alichukua mabamba mawili membamba ya risasi, akayatenganisha ili yasigusane, akayakunja pamoja kama mkeka. Kisha akayatumbukiza katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa. Alipopitisha umeme, bamba moja lilipata utando wa rangi ya hudhurungi, na la pili likabaki risasi tupu. Baada ya hapo mabamba yenyewe yaliweza kutoa umeme. Ulipokwisha, Planté alipitisha umeme mwingine, na nguvu ya betri ikarudi.

Kazi hiyo ilihitaji subira. Kwa kuwa jenereta za kufaa zilikuwa hazijapatikana, Planté alitumia betri za aina ya zamani kuichaji betri yake mpya. Tena ilimlazimu kuichaji na kuitumia mara nyingi, kwa muda mrefu, mpaka utando ule uwe mnene wa kutosha. Mwaka 1860 alionyesha betri yenye seli tisa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Mwaka 1881 mwenzake, Camille Faure, aliyapaka mabamba uji mzito wa oksaidi ya risasi, na betri za namna hiyo zikawa rahisi zaidi kutengeneza. Planté alifariki tarehe 21 Mei, 1889, akiwa na umri wa miaka 55.

Betri nyingi za pikipiki hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya Planté. Betri ya volti 12 ina seli sita, na kila seli hutoa volti 2 hivi. Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya mabamba, na asidi hupungua nguvu. Kuchaji huyarudisha mabamba na asidi katika hali ya kwanza. Lakini betri ikiachwa bila umeme kwa majuma mengi, salfeti hiyo huwa ngumu na haiondoki kwa urahisi. Hapo ndipo betri hufa kweli.

Kwa hiyo, mwendeshaji mgeni asikimbilie kuitupa betri yake. Kwanza azime pikipiki, atazame kama nyaya za betri zimelegea au zimeota kutu. Kama betri ni ya kuongezwa maji, atazame kama maji yamefika kati ya mistari miwili iliyochorwa ubavuni. Yakipungua, aongeze maji safi ya betri yasiyo na chumvi. Asiongeze asidi wala maji ya kisima. Kisha aipeleke kwa fundi ichajiwe polepole. Kama imechajiwa vizuri na bado inaishiwa nguvu upesi, basi imechakaa. Airudishe kwa wauzaji, kwa maana risasi ni sumu katika udongo na maji.

Wewe mwanafunzi, usifungue betri. Asidi yake huunguza ngozi na macho. Ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi. Usisogeze moto karibu na betri inayochajiwa, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka.

Maswali

1. Betri ya Planté ilitofautianaje na betri zilizoitangulia?
2. Kwa nini Planté alihitaji subira katika kazi yake?
3. Betri ya volti 6 ina seli ngapi?
4. Eleza tofauti kati ya betri iliyoishiwa umeme na betri iliyokufa.