Sandy Bull: Mpiga banjo aliyenyamazishwa na heroini

MWANAMUZIKI wa Marekani Sandy Bull, aliyefariki dunia Aprili 11, 2001 kwa saratani ya mapafu akiwa na umri wa miaka 60, aliifikisha banjo mahali ambapo wachache walidhani ingefika.

Alizaliwa jijini New York mwaka 1941. Mama yake, Daphne Hellman, alikuwa mpiga kinubi wa jazi. Kijana alivutwa na banjo, ala yenye asili kwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki, ambayo wakati huo wengi waliihesabu kuwa ya nyimbo za mashambani tu.

Banjo ya nyuzi tano ina uzi mmoja mfupi ambao kwa kawaida haubanwi kwa vidole. Hurudia sauti ile ile huku nyingine zikipanda na kushuka. Hapo ndipo ala hiyo inapokaribiana na muziki wa India na Uarabuni, na Bull aliusikia undugu huo mapema. Mwaka 1963 alitoa santuri ya Fantasias for Guitar and Banjo. Upande wake wa kwanza ulijaa kipande kimoja cha gitaa, Blend, cha takriban dakika 22, ngoma zikipigwa na Billy Higgins. Kwenye upande wa pili, banjo ilibeba Carmina Burana, kazi ya Mjerumani Carl Orff iliyotungwa kwa ajili ya kwaya na okestra kubwa. Ulikuwa ujasiri, tena wa kijana wa miaka 22. Neno saikedeliki lilikuwa bado halijazoeleka katika muziki.

Alipiga pia udi, ala ambayo wapenzi wa taarabu hawahitaji kuelezwa, na urafiki wake na Hamza El Din, Mnubi ambaye kijiji chake kilimezwa na maji ya Bwawa la Aswan, ulimzamisha zaidi humo.

Lakini heroini ilikwisha kumshika. Baada ya Demolition Derby ya mwaka 1972 hakutoa santuri nyingine hadi 1988. Aliachana na dawa hizo katikati ya miaka ya 1970, ila soko halikumngoja. Waliokuja nyuma yake walikwisha kuuzoea mchanganyiko ule bila kujua nani aliutangulia.

Mwaka 1996 alitoa Steel Tears, ambamo mpigaji huyu aliyejulikana kwa vidole vyake aliamua kuimba. Alikuwa akiishi karibu na Nashville, na huko ndiko alikofia.